Mifumo mitatu, bando moja: namna ya kusasisha kompyuta za ofisi ndogo

HP EliteBook 840 G3 utaikuta kila mahali: kwenye steshenari, ofisi za SACCOS, mezani kwa mwanafunzi wa chuo. Ni laptopu imara na bei yake ya mtumba inavumilika. Tatizo ni prosesa yake ya Intel ya kizazi cha sita. Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, na Windows 10 Microsoft waliiacha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yenyewe haina habari kwamba imeachwa. Inawaka vilevile na kuchapisha vilevile, ila matundu ya usalama yanayogunduliwa sasa hayazibwi tena mpaka mwenye mashine achukue hatua.

Mwongozo huu ni wa yule ambaye ofisini au shuleni amejikuta ndiye "mtu wa kompyuta" bila kuajiriwa kwa kazi hiyo. Ana Windows tatu nne, Mac ya bosi, na labda moja yenye Ubuntu, mfumo wa bure wa jamii ya Linux, aliyoiacha kijana wa field. Nimeuandika kwa kuzingatia kwamba data tunainunua kwa gigabaiti na umeme unakatika. Wengi waliozima masasisho hawakuzima kwa uzembe. Walifika kazini asubuhi wakakuta bando la wiki limeliwa lote kabla hawajafungua hata barua pepe moja. Masasisho yanaweza kubaki yamewashwa bila hasara hiyo, mradi uamue mwenyewe mashine ipi ipakue, lini, na kwa mtandao upi.

Hatua ya kwanza: jua ulichonacho

Chukua daftari, pitia mashine moja moja. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Kidirisha kitakuonyesha toleo, mfano 22H2 au 24H2. Kwenye Mac bofya tufaha lililo juu kushoto, kisha About This Mac. Kwenye Ubuntu fungua terminal uandike:

lsb_release -a

Mbele ya kila mashine andika tarehe ambayo msaada wake unaisha. Windows 11 24H2 ya Home na Pro inafika 13 Oktoba 2026, na 25H2 inafika 12 Oktoba 2027. Kwa hiyo kuwa na "Windows 11" peke yake hakutoshi, kila toleo lina mwisho wake. Ubuntu 20.04 ilimaliza muda wake wa kawaida Mei 2025, 22.04 ina mpaka 2027, na 24.04 mpaka 2029. Apple hawatangazi tarehe, ila desturi yao ni kuziba matundu ya toleo la sasa na mawili yaliyotangulia, na wenyewe wamesema kwamba matoleo ya nyuma hayapati marekebisho yote. Kama Mac ni ya prosesa ya Intel, jua kuwa macOS 26 Tahoe ndiyo ya mwisho kuipokea.

Zile EliteBook za kizazi cha sita na wenzake zina njia mbili za maana. Ya kwanza ni mpango wa Microsoft wa kuongeza muda, ESU, unaoifikisha Windows 10 ya mtu binafsi mpaka 13 Oktoba 2026. Lazima mashine iwe na toleo 22H2 na akaunti ya Microsoft. Ukiingia Settings, kisha Windows Update, utaona kiungo cha kujiandikisha. Kuna dola 30 za kulipia, lakini ukikubali mipangilio ya mashine ihifadhiwe kwenye OneDrive hulipi chochote. Njia ya pili ni kuweka Linux badala ya Windows, yaani Linux Mint au Ubuntu. Kwa mashine inayochapa barua, inayofungua PDF na kuingia mtandaoni, mimi ningekwenda Linux moja kwa moja. Ila kabla hujafuta kitu, washa Linux kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, unganisha printa ya ofisi, uchapishe ukurasa mmoja. Printa ikigoma pale, itagoma na baadaye. Na kama mashine hiyo ina programu ya uhasibu au ya mashine ya risiti inayotaka Windows, basi lipia ESU uanze kutafutia mashine nyingine bajeti.

Wapo mafundi wanaokuwekea Windows 11 kwenye mashine isiyokubalika kwa kuruka ukaguzi. Inafanya kazi, na viraka vya kila mwezi, yaani masasisho ya kuziba matundu, kwa kawaida vinakuja. Kisichokuja chenyewe ni toleo jipya la mwaka, kwa hiyo baada ya miaka miwili umerudi palepale, safari hii bila kujua.

Hatua ya pili: nakala, na ufunguo wa BitLocker

Nakili mafaili ya kazi kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Diski inayobaki imechomekwa muda wote si nakala, maana programu za kuteka mafaili zikiingia hufunga na ya kwenye diski hiyo pia.

Jambo la pili wengi hawalijui. Laptopu nyingi za Windows 11 zilizoingizwa akaunti ya Microsoft husimba diski zenyewe kwa BitLocker (diski haisomeki bila ufunguo), bila mtu kuambiwa kwa sauti. Siku BIOS, programu ya kuwashia mashine, ikisasishwa, au mashine ikishindwa kuwaka vizuri, inaweza kukutolea skrini ya bluu ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Ingia leo kwenye aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti iliyomo kwenye mashine hiyo, nakili ufunguo, uuandike kwenye daftari. Tarehe 19 Julai 2024, faili bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows duniani, dawa yenyewe ilikuwa ni kufuta faili moja tu katika Safe Mode. Kilichowachelewesha mafundi wengi ni funguo hizo za BitLocker, wakihangaika kuzitafuta mashine moja baada ya nyingine.

Tukio hilo pia ndilo sababu ya kuwa na mashine ya mtihani. Chagua kompyuta moja isiyo na kazi ya haraka, isasishwe kwanza. Ikikaa siku mbili tatu bila kulalamika, zifuate nyingine.

Siku mbili tatu, si miezi miwili. Kiraka cha tundu lililotumiwa na WannaCry, programu ya kuteka mafaili, kilitolewa 14 Machi 2017, na shambulio likaja 12 Mei, likasimamisha huduma kwenye hospitali kadhaa za Uingereza. Tarehe 27 Juni mwaka huohuo likaja shambulio jingine, NotPetya, likapita kwenye tundu lilelile kwa wale ambao bado walikuwa hawajaziba.

Hatua ya tatu: Windows

Kama mashine ni ya mtumba, anza kwa kuangalia kama masasisho hayakuzimwa kabisa. Bonyeza Windows na R, andika services.msc, shuka mpaka Windows Update. Ukikuta Startup type ni Disabled, bofya mara mbili, ibadilishe iwe Manual, kisha Start. Ikijirudisha Disabled baada ya kuwasha upya, kuna kiprogramu cha kuzuia masasisho kilichopachikwa humo. Na kwa mashine usiyoijua historia yake, ni heri uiwekee Windows mpya kuliko kukiwinda.

Sasa bando. Unganisha hotspoti ya simu, ingia Settings, Network & internet, Wi-Fi, bofya jina la mtandao huo, washa Metered connection. Tangu hapo Windows itajua kuwa mtandao huo ni wa kulipia na haitajipakulia ovyo. Mpangilio huu ni wa mtandao mmoja mmoja, na hapo ndipo utamu wake ulipo: hotspoti yako imewekewa, waifai ya faiba ya ofisini haijawekewa, mashine inapakua inapofika kwenye faiba tu. Kama hamna faiba, tenga siku na bando la usiku, zima Metered connection jioni hiyo, na uiwashe asubuhi.

Bado ndani ya Windows Update, ingia Advanced options, kisha Delivery Optimization. Ukikuta imeruhusu kushirikiana na vifaa vya kwenye intaneti, mashine yako inaweza kuwa inawagawia watu usiowajua masasisho kwa bando lako. Chagua vifaa vya mtandao wako wa ndani peke yake. Hapo unakuwa umegeuza hasara kuwa faida, kwa sababu mashine moja ikishapakua, nyingine zilizo kwenye ruta ileile zitachota sehemu kubwa kutoka kwake.

Microsoft hutoa viraka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Afrika Mashariki hiyo ni saa mbili usiku, au saa tatu katika miezi ambayo Wamarekani wamerudisha saa nyuma. Kwa hiyo Jumatano asubuhi, watu wanapowasha kompyuta, ndipo mtandao wa ofisi unakuwa mzito. Ukijua hivyo unaweza kubonyeza Pause kwenye mashine zote isipokuwa ile ya mtihani. Windows inakuruhusu kusimamisha mpaka wiki tano.

Kosa linalojirudia sana ni la kuzima badala ya kuwasha upya. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha CPU, uangalie Up time. Namba ya kwanza kushoto ni siku. Unaweza kukuta 12:04:33:10 kwenye mashine ambayo mhusika anaapa huizima kila jioni, na hasemi uongo. Kuna kitu kinaitwa Fast Startup, kinachoifanya Windows ilaze kiini chake kwenye diski badala ya kuzima kabisa, na masasisho yanayosubiri kuanza upya huendelea kusubiri. Waambie wabonyeze Restart, angalau mara moja kwa wiki. Ukiona Update and restart kwenye menyu, hiyo ndiyo yenyewe.

Umeme je? Kwa laptopu, hakikisha chaji imejaa kabla hujaanza. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, usianze kusasisha siku ya mgao. Na umeme ukirudi, ukaona maandishi ya Undoing changes, iache. Inajirudisha ilikokuwa, hata kama itachukua saa nzima. Wanaoharibu mashine hapo ni wale wanaokosa subira na kushikilia kitufe cha kuzimia.

Mashine isiyoingia mtandaoni kabisa inasasishwa kwa flashi. Nenda catalog.update.microsoft.com kwa mashine nyingine, tafuta namba ya kiraka cha mwezi, inayoanza na KB, chagua kinacholingana na toleo lako, pakua. Viraka vya Windows hujumlisha vya nyuma, hivyo cha mwezi huu kinabeba na vya miezi iliyopita. Kuanzia 24H2 unaweza kupewa faili zaidi ya moja. Ziweke zote kwenye folda moja. Na uwe na nafasi, faili hizi huzidi gigabaiti moja.

Hatua ya nne: programu ambazo Windows haizigusi

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko kwenye mfumo wenyewe, na ndipo watu wanaporuka. Windows Update haigusi WinRAR. Haigusi VLC wala 7-Zip. Na WinRAR, ambayo kwetu iko kwenye karibu kila mashine, haijisasishi. Ile uliyowekewa siku uliponunua kompyuta ndiyo hiyohiyo uliyonayo.

Mwaka 2023 tundu lililosajiliwa kama CVE-2023-38831 lilifanya hivi: unafungua faili la RAR au ZIP, ndani unaona picha au PDF, unaibofya, na pamoja na picha hiyo inaendeshwa programu iliyofichwa kwenye folda yenye jina linalofanana. Lilizibwa kwenye toleo 6.23 mwezi Agosti. Julai 2025 likazibwa jingine, CVE-2025-8088, kwenye toleo 7.13. Sasa fikiria steshenari inayopokea kazi za watu kwa WhatsApp na flashi siku nzima. Fungua WinRAR, ingia Help, kisha About, usome namba.

Kuna njia ya kuzipata programu zote kwa mkupuo. Fungua Terminal au Command Prompt, andika:

winget upgrade

Utaletewa orodha yenye jina la programu, toleo ulilonalo na toleo lililopo. Usikimbilie kusasisha zote kama data ni ya kuhesabu. Chagua:

winget upgrade --id RARLab.WinRAR
winget upgrade --id VideoLAN.VLC

Siku ukiwa na faiba, winget upgrade --all inamaliza kazi. Na usichokitumia, kiondoe. Flash Player iliachwa mwisho wa 2020 na bado naikuta.

Vivinjari vinajisasisha, lakini havikamilishi mpaka vifungwe na kufunguliwa upya. Mtu mwenye tabo arobaini haifungi Chrome wiki nzima. Ingia kwenye nukta tatu, Help, About Google Chrome; itakagua papo hapo na kukuletea kitufe cha Relaunch. Tabo zake zitarudi, mtoe hofu.

Hatua ya tano: Mac

Ni fupi. System Settings, General, Software Update. Bofya alama ndogo kando ya Automatic Updates. Kama bando ni la kubana, zima upakuaji wa matoleo mapya ya macOS, lakini kile kipengele cha Security Responses and system files kiache kimewashwa. Ni kidogo na ndicho cha muhimu. Programu za App Store zinasasishwa humohumo App Store, na zilizopakuliwa nje zina Check for Updates kwenye menyu yenye jina la programu. Ofisi yenye Mac kadhaa iwashe Content Caching, iliyo chini ya General, Sharing, kwenye Mac moja inayokaa mezani: itapakua mara moja na kuwagawia wenzake, pamoja na iPhone zilizo kwenye waifai hiyo.

Hatua ya sita: Ubuntu, Mint na ndugu zao

Fungua terminal uandike moja moja:

sudo apt update
apt list --upgradable
sudo apt upgrade

Amri ya kwanza inaleta orodha tu, haisasishi chochote, ingawa jina lake linawadanganya wengi. Ya pili inakuonyesha kinachosubiri. Ya tatu ndiyo kazi, na kabla ya kuanza inakuambia itapakua megabaiti ngapi, ustaarabu ambao ningependa kuuona na kwa wengine. Programu za Snap na Flatpak ziko pembeni, nazo zina amri zake: sudo snap refresh na flatpak update. Ukimaliza, angalia kama kuna faili /var/run/reboot-required. Likiwepo, washa upya.

Umeme ukikatika katikati, safari ijayo apt itakuambia dpkg ilikatizwa. Usiogope, na amri ya kuponya imeandikwa humohumo kwenye ujumbe:

sudo dpkg --configure -a

Kwa maabara ya shule yenye mashine kumi za Ubuntu, weka apt-cacher-ng kwenye mashine moja. Kwenye nyingine zote unda faili /etc/apt/apt.conf.d/00proxy lenye mstari huu, ukibadilisha anwani iwe ya mashine yako:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Kifurushi kitashuka mara moja kutoka intaneti, kisha zilizobaki zitakipata ndani. Laptopu ya mwalimu usiiwekee, au umfundishe kulifuta faili hilo. Akiwa nyumbani apt itaitafuta seva ya shule na kugoma.

Anayebaki na Ubuntu ya zamani kwa sababu maalumu anaweza kujiunga na Ubuntu Pro. Ni bure kwa mtu binafsi mpaka mashine tano, na inarefusha viraka kufikia miaka kumi.

Masasisho ya uongo, na Windows za kuchakachua

Ukurasa wa wavuti hauna kazi ya kukuambia kwamba Chrome yako "imepitwa na wakati na iko hatarini", wala ya kukupa faili la kuisasisha. Funga. Sasisho la kweli linatoka ndani ya programu yenyewe au kwenye Settings. Ujumbe wa WhatsApp wenye faili la APK la kusasisha programu ya benki ni wa ukoo huohuo.

Viamilishi, yaani programu za kufungua Windows na Office bila leseni, vinavyozungushwa kwenye flashi vina tabia moja inayovifichua: maelekezo yake huanza na "zima antivirusi kwanza". Unampa mtu usiyemjua haki za msimamizi, mlinzi akiwa umemfungia nje. Na hakuna haja. Windows ambayo haijaamilishwa inaendelea kupokea viraka vya usalama. Adhabu yake ni maandishi ya kijivu pembeni mwa skrini na kukosa kubadilisha picha ya nyuma. Bora maandishi hayo. Kwa Office ipo LibreOffice.

Sasisho likiharibu kitu

Windows: Settings, Windows Update, Update history, Uninstall updates, ondoa cha karibuni kwa tarehe. Mashine isipowaka kabisa, izime ikiwa katikati ya kuwaka, mara mbili tatu mfululizo, mpaka ikuletee skrini ya Recovery. Humo kuna Troubleshoot, Advanced options, Uninstall Updates. Ule ufunguo wa tarakimu 48 unaweza kutakiwa hapo.

Ubuntu: wakati wa kuwaka shikilia Shift, au gongagonga Esc kwa mashine mpya, ingia Advanced options for Ubuntu, chagua kernel (kiini cha mfumo) ya nyuma yake. Mint wana Timeshift, irudishe siku ya jana.

Mac hairudi nyuma kirahisi. Kushuka toleo ni kufuta diski na kuanza upya kutoka kwenye nakala, kazi ya siku nzima. Kwa sababu hiyo viraka vidogo vya Mac ya bosi naviweka siku vinapotoka, lakini toleo jipya la mwaka nalisubirisha mpaka litoke lile lenye .1 mwishoni, na mpaka printa yake iwe na dereva linalolikubali.